Mvuke tunao Olkaria, mbona tokeni bado ghali?

Ndugu uliyeuliza mbona tokeni zako za stima za mia tano huleta yuniti chache kuliko za jirani yako, na tunaambiwa Kenya ina mvuke tele wa ardhini wa kuzalisha stima: hayo ni maswali mawili.

La jirani ni jepesi. Tangu Aprili 2023 majumbani tuna makundi matatu: hadi yuniti 30 kwa mwezi, 31 hadi 100, na zaidi ya 100. Bei hupanda kwa kila kundi, na unapangwa kwa wastani wa miezi mitatu. Ploti niliyokuwa nikiishi tulikuwa wapangaji kadhaa kwenye mita moja. Kila mtu balbu mbili na redio, lakini kwa jumla mita ilivuka 100, basi maskini wote tukalipa bei ya tajiri. Nilipohamia penye mita yangu, tofauti niliiona baada ya miezi mitatu.

La mvuke ndilo refu. Nachomelea mageti Naivasha, mabomba ya Olkaria yako hapa nyuma yetu, na ni kweli mvuke hutoa takriban asilimia 40 ya stima ya nchi. Tatizo ni saa. Usiku wa manane watu wamelala, mvuke mwingine unaachiliwa hewani bure. Saa moja jioni kila mtu amewasha pasi na TV, jua limeshazama, ndipo mitambo ya Kipevu, kule Mombasa, inachoma mafuta. Ukame ukishusha maji ya bwawa la Masinga, inachoma zaidi. Hiyo ndiyo gharama ya mafuta unayokatwa kwenye "tozo nyingine" za ujumbe wa tokeni.

Humo humo kuna marekebisho ya fedha za kigeni, kwa sababu mikataba mingi ya wazalishaji hulipwa kwa dola au yuro. Shilingi ilipofika 160 kwa dola Januari 2024, sote tuliisikia. Tena mikataba mingine hulipwa mtambo uzunguke usizunguke. Kule Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, mitambo 365 ya upepo ilikuwa tayari 2017, lakini laini ya stima ya kwenda Suswa ikakamilika 2018. Kusubiri huko kulilipiwa, na si na mwenye mitambo.

Ndiyo maana sioni aibu tukinunua stima ya Ethiopia, kama tunavyofanya tangu mwisho wa 2022, tulipoanza na megawati 200. Kinachoniudhi ni mikataba ambayo mlipaji haruhusiwi kuisoma.