Filta ikikaa nyuma ya bampa, maji yakijaa barabarani itakuwaje?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua lile bomba la aluminiamu lenye filta ya koni, sasa maelekezo yake yanasema nitoe boksi lote la ea klina lililokuja na gari, halafu bomba lishuke mpaka nyuma ya bampa jirani na tairi ili injini ivute hewa ya baridi. Rafiki yangu anasema mvua ikinyesha tu injini imekwisha, muuzaji anasema hamna shida yoyote. Nimwamini nani? Gari ni petroli, silinda 4, cc 1600.

JIBU: Marahaba. Wote wamekosea, ila kosa la muuzaji ndo litakalokutia hasara. Mvua ya kawaida haiui injini, hata tairi likirushia filta matone, yanayopenya ni kidogo na yanaishia kuwa mvuke. Shida ni filta KUZAMA. Injini inavuta kama mtu anayenyonya kwa mrija, ncha ikiwa hewani inapata hewa, ikizama inapata maji, haichagui.

Na maji yenyewe wala si mengi. Silinda yako moja ina cc 400, tuseme mgandamizo ni 10 kwa 1, yaani hewa inabanwa mpaka sehemu moja ya kumi ya nafasi yake, basi pistoni ikifika juu kabisa nafasi inayobaki ni kama cc 44 tu. Chukua kijiko cha chakula, mimina maji vijiko vitatu kwenye kikombe uangalie, ndo hayo hayo. Yakizidi hapo pistoni haina pa kwenda maana hewa inabanika, maji hayabaniki, kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, shafti inayozunguka chini ya injini. Dizeli ndo hatari zaidi, mgandamizo wake ni mkubwa kwa hiyo nafasi hiyo inapungua karibu nusu.

Boksi la kiwandani mdomo wake uko juu, karibu na taa au juu ya rejeta, na mengi yana kitundu chini cha kutolea maji, waliolibuni walishawaza haya. Wewe unaushusha mdomo huo mpaka usawa wa tairi! Halafu ukiingia kwenye maji kwa kasi bampa inayasukuma yanajikusanya mbele kama wimbi, kwa hiyo maji uliyoyaona mafupi yanafika kwenye filta.

Ningekuwa wewe ningechukua bomba fupi ambalo filta inabaki juu ndani ya boneti, hewa itakuwa ya moto kidogo lakini utalala usingizi, au weka tu filta nzuri ndani ya boksi lako la zamani. Kama umeshaamua hilo refu, chukua futi upime kutoka chini mpaka sehemu ya chini kabisa ya filta, kipimo hicho ukikariri, maji yakikaribia hapo geuza gari. Zile soksi za kuvalisha filta zinazuia matone, ikizama haziokoi kitu.

Na gari likizimika ndani ya maji, nakuomba sana USIPIGE STATA. Nililetewa gari moja mwenyewe alipiga stata mara mbili tatu likawaka, akashukuru Mungu akaendelea nalo wiki kadhaa huku linagonga kwa mbali, siku moja konrodi ikakatika ikatoboa bloku, yaani mwili wa injini, tundu la kupitisha ngumi. Inaniuma mpaka leo maana angelivuta tu siku ile tungekuwa tumemaliza kwa konrodi moja. Chomoa betri, livutwe, fungua filta uone kama imelowa, toa plagi zote, zungusha krenki taratibu kwa spana maji yatoke kwenye matundu ya plagi. Angalia oili, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa imwage. Baadaye pima kompresheni, yaani ule mgandamizo wa kila silinda, silinda iliyo chini sana kuliko wenzake ujue konrodi yake imepinda, hapo hakuna kubahatisha, injini ifunguliwe.

SWALI: Nikiosha filta yangu ile ya kupaka oili naweza kuirudisha ikiwa bado imelowa?

JIBU: Hapana, iache ikauke yenyewe, usiipulize kwa kompresa itachanika. Na oili paka kidogo tu, ikizidi inavutwa inaenda kuchafua sensa ya hewa, gari linaanza kukosa nguvu na wewe unalaumu plagi.