Wasomaji Wanauliza: Kwanini Phoebe unaenda kinyume na wenzake?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nimesikia sayari ya Zohali (Saturn) ina mwezi mmoja unaitwa Phoebe, eti wenzake wanazunguka huku wenyewe unazunguka kule. Sasa hiyo inawezekanaje wakati shuleni tulifundishwa vitu vya mfumo wa jua vinazunguka upande mmoja? Na je hautakuja kugongana na miezi mingine?

JIBU: Salama kabisa ndugu msomaji, na asante, hili swali nimelisubiri muda mrefu sana. Ulichofundishwa ni sawa tu, sayari zote 8 zinalizunguka jua upande mmoja kwasababu zote zimetoka kwenye wingu moja la gesi na vumbi lililokuwa linajizungusha. Zohali nayo ilipokuwa changa ilikuwa na sahani yake ya gesi na vumbi, na humo ndo ilipozaliwa miezi kama Titan, kwa hiyo imeurithi mwelekeo uleule wa sayari yao. Titan iko kilomita milioni 1.2 hivi kutoka Zohali na inamaliza mzunguko kwa siku 16.

Sasa njoo kwa Phoebe. Wenyewe uko wastani wa kilomita milioni 12.9, zaidi ya mara kumi ya Titan, unachukua siku kama 550 kumaliza mzunguko mmoja (miezi 18, hapo nasema miezi ya kalenda sio ya angani), njia yake imevutika kidogo kama yai, alafu ndo hivyo, unaenda kinyume. Mwezi uliozaliwa kwenye ile sahani hauwezi kuwa na tabia hizo zote kwa pamoja. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba Phoebe haukuzaliwa Zohali, ulikuwa unalizunguka jua kivyake huko mbali, ukapita karibu na Zohali ukanaswa.

Lakini kunasa sio kitu chepesi na hapa watu wengi wanapita harakaharaka. Graviti ya sayari, yaani nguvu yake ya kuvuta, peke yake haitoshi. Fikiria baiskeli inashuka bondeni bila breki, ule mwendo ulioupata kwenye mteremko ndo huohuo unakupandisha upande wa pili unatokeza juu unaendelea na safari. Jiwe linalopita karibu na Zohali ni hivyohivyo, linavutwa, linaongeza kasi, linazunguka kidogo alafu linatoka na kasi ileile lililokuja nayo, kwahiyo lazima kitu kilipunguze kasi wakati liko karibu. Labda Zohali changa ilikuwa bado na gesi nyingi kuizunguka na hiyo gesi ikawa breki, au Phoebe ulikuja ukiwa na mwenzake wanazungukana, Zohali ikawatenganisha, mmoja akarushwa nje na nguvu zote na mwingine akabaki. Au zile sayari kubwa zenyewe zilipokuwa zinahama njia zao zamani zilipita karibukaribu zikavuruga vitu vilivyokuwa jirani. Mimi lile la wawili kutenganishwa ndo linanikaa zaidi kichwani.

Kuhusu kwenda kinyume, kitu kikinaswa kinaweza kuangukia mwelekeo wowote, inategemea kilipita upande gani wa sayari. Ila huko mbali jua nalo linavuta, na mahesabu yanaonyesha mwezi unaokwenda kinyume unastahimili huo mvuto ukiwa mbali zaidi kuliko unaokwenda na wenzake, ndo maana miezi mingi ya nje kabisa inaenda kinyume.

Kugongana na miezi mikubwa ondoa shaka, hata ukija karibu kabisa Phoebe unabaki zaidi ya kilomita milioni 10 kutoka Zohali, na Iapetus ambao ndo wa mbali zaidi kwa ile mikubwa uko milioni 3.56 tu. Tatizo ni vile vimiezi vidogo vya huko nje ambavyo njia zake zinapishana na ya Phoebe, na ukiangalia picha zake utaona mwili mzima ni makovu ya kugongwa, kreta moja inaitwa Jason ina upana wa kilomita kama 100 wakati mwezi wenyewe kipenyo chake ni kilomita 213!

Hizo picha tunazo kwasababu ya chombo cha angani cha Cassini, kilipita kilomita 2,068 tu kutoka Phoebe tarehe 11 Juni 2004, siku 19 kabla hakijaanza kuizunguka Zohali. Na haikuwa bahati, tarehe ya kufika ilichaguliwa makusudi ili kipite hapo, maana kikishaingia kwenye mizunguko yake ya ndani kisingeweza tena kuufikia Phoebe, nafasi ilikuwa moja tu basi. Kabla ya hapo chombo kingine, Voyager 2, kiliupiga picha mwaka 1981 lakini kutoka zaidi ya kilomita milioni 2, ukaonekana kama kidoa tu. Cassini ikakuta barafu ya maji, kabonidioksaidi iliyoganda na vitu vyeusi vya kaboni, na uzito wake kwa ujazo ni gramu 1.64 kwa sentimita ya ujazo, wa Iapetus ni 1.09 tu. Huo ni mwili unaofanana na wale wa huko nje kabisa kina Pluto kuliko majirani zake wa sasa.

SWALI: Kwa udogo huo mtu akisimama juu ya Phoebe akaruka si anapotelea angani?

JIBU: Hapana dada, utarudi, ila utakaa juu muda. Graviti yake ni kama 1 kwa 200 ya hapa duniani, mtu wa kilo 70 kwenye mizani angeonekana gramu 350 hivi. Ili utoke moja kwa moja unahitaji kasi ya karibu mita 100 kwa sekunde, yaani kama kilomita 360 kwa saa, na miguu ya mtu haina uwezo huo. Lakini vumbi linalorushwa na kimondo kikigonga, hilo linaiweza hiyo kasi, na hapo ndo tunaingia kwenye swali linalofuata.

SWALI: Naomba ufafanuzi, kwanini mwezi Iapetus upande mmoja ni mweusi kama lami na mwingine mweupe? Nimeambiwa Phoebe unahusika.

JIBU: Unahusika sana, na kwangu hii ndo habari tamu kuliko zote za Zohali. Mwanaastronomia Giovanni Cassini (huyu ni mtu, sio kile chombo) aliugundua Iapetus mwaka 1671 akashangaa, ukiwa upande wa magharibi wa Zohali anauona vizuri, ukienda mashariki unampotea. Akawaza vizuri kabisa, kwamba uso mmoja ni mweusi na kwamba huu mwezi unaielekezea Zohali upande uleule siku zote, kwahiyo uso mweusi ndo daima unatangulia mbele kwenye safari. Alikuja kuuona upande wa mashariki mwaka 1705 akiwa na darubini bora.

Weusi umetoka wapi ndo kitendawili kilichokaa miaka zaidi ya 300. Mwaka 2009 Anne Verbiscer, Michael Skrutskie na Douglas Hamilton wakatumia darubini ya angani ya Spitzer, inayoona joto badala ya mwanga wa kawaida, wakakuta pete nyingine kubwa mno ya Zohali, imelala kwenye njia ya Phoebe na sio kwenye usawa wa zile pete tunazozijua. Kama macho yetu yangeweza kuiona ingeonekana angani kila upande wa Zohali ina upana wa mwezi mpevu. Vumbi lake ni jembamba kiasi kwamba ungekuwa katikati yake usingejua.

Hilo vumbi linatoka Phoebe kwa kugongwagongwa, alafu mwanga wa jua polepole unalipunguzia mwendo linazama kuelekea ndani, na kumbuka linaenda kinyume kama mama yake, kwahiyo Iapetus unakutana nalo uso kwa uso, ule uso wa mbele ndo unapakwa vumbi. Alafu inaanza kazi ya joto, sehemu iliyopakwa inanyonya jua zaidi, barafu yake inageuka mvuke na kwenda kuganda upande wa pili na kwenye ncha ambako ni baridi, hivyo palipo peusi panazidi kuwa peusi na palipo peupe panazidi kung'aa. Inasaidia pia kwamba Iapetus unajizungusha taratibu sana, siku 79, kwahiyo jua lina muda wa kupasha. Phoebe wenyewe unajizungusha kwa saa 9 na dakika 16 tu, uko mbali mno Zohali haijaweza kuulazimisha uielekezee uso uleule daima.

Hebu fikiria, mwezi wa kilomita 213 umebadilisha sura ya mwezi wa kilomita karibu 1,470 na kati yao kuna mamilioni ya kilomita.

SWALI: Nani aliuona Phoebe wa kwanza na alitumia nini?

JIBU: William Pickering wa Marekani, na hakuuona kwa kuchungulia kwenye darubini. Agosti 1898 zilipigwa picha kwenye sahani za kioo huko Arequipa, Peru, kwenye kituo cha kuangalia nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard, yeye akazikagua mwaka 1899 akakuta kidoa kinachohama kati ya nyota zilizotulia. Ndo mwezi wa kwanza kabisa kugunduliwa kwa picha. Njia hiyo mpaka leo ni ileile, tofauti ni kwamba sasa kompyuta inazipandanisha picha nyingi kwa kufuata mwendo wa sayari ili kidoa hafifu kijikusanye kionekane, na kwa kufanya hivyo Machi 2025 ilitangazwa miezi mipya 128 ya Zohali kwa mpigo, jumla ikafika 274. Mingi ni ya kilomita chache tu, na yote hiyo mipya ni ya nje, jamii moja na Phoebe.