Anti, tumegombana katikati ya safari ya mabasi Mexico, nirudi nyumbani peke yangu?

Anti shikamoo. Nina miaka 33, mimi na mume wangu ni Watanzania tunaishi Texas, ndoa ina miaka mitano. Mwaka huu badala ya kwenda Bongo tukasema tuzunguke kusini mwa Mexico kwa basi, mabegi mgongoni, wiki tatu. Yeye ndo kapanga kila kitu, mpaka Kihispania kajifunza kwenye simu, mi nikamwachia. Mexico City na Oaxaca tulienjoi sana. Shida imeanzia Puerto Escondido, tulipanda basi la usiku kuja San Cristóbal de las Casas, usiku wa manane basi likasimamishwa, wakaingia watu wa uhamiaji na tochi, wakawapita abiria wote wakaja kwetu tu. Pasipoti zetu na grini kadi zote anazo mume wangu kwenye pochi yake, wakazichukua wakashuka nazo, mi nikatetemeka nikalia. Waliporudisha akaniambia "acha kudeka, ni ukaguzi tu", akageuka akalala. Toka usiku ule siongei nae, leo siku ya tatu. Hela nayo usiseme, tunajenga Kibaha, kwahiyo kila chumba chenye maji ya moto anakigeuza mifuko ya saruji. Sasa kesho kutwa anataka twende Palenque, kwenye magofu ya Wamaya, kwa Hiace kupitia Ocosingo kwa sababu ni karibu na bei rahisi, na mi nimesikia huko watu wanafunga barabara. Nafikiria nichukue ndege nirudi Houston peke yangu. Nifanyeje? Na je nimpigie mama mkwe nimweleze?

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa huo usiku.

Naanza na kitu ambacho hujaniuliza, pasipoti. Leo kabla ya kulala mwambie mumeo akupe pasipoti yako na grini kadi yako, ukae nazo mwenyewe. Sio kwamba namshuku, naamini alizibeba ili asikusumbue, ila mtu mzima akiwa ugenini karatasi zake zinakaa mwilini mwake, maana mkipotezana stendi au yeye akiibiwa pochi mnakwama wote wawili kwa mpigo. Na hiyo grini kadi ndo imewaingiza Mexico, Mtanzania wa kawaida anatakiwa viza, lakini mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani, Canada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen anaruhusiwa kuingia bila viza kutembea, na bila hiyo kadi hakuna ndege itakayokubali kukurudisha Houston. Kwahiyo isikae kwenye begi kubwa linaloenda kwenye buti la basi, nunua kile kipochi cha kuvaa ndani ya nguo. Alafu piga picha ukurasa wenye muhuri wa kuingia, pale afisa alipoandika idadi ya siku zako, iwe kwenye simu.

Tuje kwenye lile basi. Hukudeka. Nataka ulisome hilo vizuri kwa sababu umeshaanza kujitilia mashaka, naliona kwenye barua yako. Njia mliyopita inakata shingo ya nchi, Tehuantepec, na hapo ndo wanapopita watu wanaotoka mpaka wa Guatemala kupitia Tapachula wakielekea Marekani. Miaka hii wamepita Wahaiti wengi, wamepita Wakameruni, wamepita Wakongo, mwaka 2019 mamia ya Waafrika walikaa kambi kabisa nje ya kituo cha uhamiaji pale Tapachula wakidai makaratasi ya kuwaruhusu kuendelea na safari. Sasa afisa akiingia na tochi yake anatafuta ngozi. Hata Wamexico wenyewe weusi wanasimamishwa hivyohivyo kwenye nchi yao, na wapo wengi tu, sensa ya 2020 iliwahesabu zaidi ya milioni mbili na nusu, mwambao wa Costa Chica kati ya Puerto Escondido na Acapulco ndo kwao. Na mwaka 2022 mahakama ya juu ya Mexico ilitamka kwamba vifungu vya sheria vinavyoruhusu ukaguzi wa namna hii barabarani vinavunja katiba, kesi ililetwa na vijana wa kabila la Tzeltal wa hukohuko jimbo la Chiapas mlipo sasa, raia kabisa, walishushwa kwenye basi wakaambiwa nyie Waguatemala. Pamoja na hukumu hiyo ukaguzi unaendelea kama ulivyouona. Kwahiyo ulichokihisi usiku ule kilikuwa kweli, mlichaguliwa, na kulia ilikuwa haki yako.

Mumeo sasa. Kauli ile ilikuwa mbaya na inabidi aombe msamaha, sina njia ya kuipaka sukari. Sisemi najua ya moyoni mwake, ila nimelea wanaume na nimeishi nao, wengi wetu tumewafundisha kwamba mbele ya mtu mwenye sare unanyamaza, unatoa karatasi, yakiisha unajifanya hakuna kilichotokea. Yeye ndo alikuwa anaongea Kihispania, yeye ndo alikuwa anaangalia pasipoti zenu zinashuka kwenye basi gizani, na pembeni mkewe analia. Inawezekana kabisa aliogopa kuliko wewe. Muulize, usimkisie. Mwambie hivi, bila kuzunguka: "Usiku ule niliogopa sana, na uliponiambia nadeka nikajiona niko peke yangu. Wewe ulikuwa unajisikiaje?" Alafu nyamaza umsikilize mpaka amalize, hata akianza kwa kubisha.

Usiyaongelee chumbani usiku mkiwa mmejikunyata kwa baridi. San Cristóbal iko kama mita 2,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, mmetoka pwani kwenye joto mkapanda usiku kucha kwenye kona, mwili umechoka na mtu aliyechoka anajibu vibaya. Toka nae asubuhi jua likishawaka, ile barabara ya watembea kwa miguu ya Real de Guadalupe ina vibanda vya kahawa ya Chiapas yenyewe, kaeni hapo. Na baada ya maongezi, siku inayofuata kila mtu ashike njia yake mpaka jioni. Kwa kweli hili nalisisitiza kwa wanandoa wote wanaosafiri kwa mabasi, mnalala chumba kimoja, mnakaa siti pacha, mnakula sahani mbili meza moja, hamna hata dakika ya mtu kummiss mwenzie. Yeye aende na boti Cañón del Sumidero huko Chiapa de Corzo, wewe zunguka soko la vitambaa pale kanisa la Santo Domingo au panda gari uende San Juan Chamula, kwenye kanisa lao wamemwaga majani ya misonobari sakafuni na mishumaa kila mahali, hamna mabenchi. Kamera weka kwenye begi kabisa, kupiga picha mle ndani ni marufuku na hawatanii.

Na wewe nina neno lako. Siku tatu za kimya kwenye chumba kimoja ni nyingi mno, mwanangu. Unamwadhibu kwa kosa ambalo hujamtajia, na yeye hapo pengine anadhani umekasirika kwa sababu ya hela au baridi. Alafu hili la "mi nikamwachia", linanisumbua kuliko yote. Mtu amebeba tiketi, ramani, vyumba, lugha, pasipoti na bajeti wiki mbili nzima, wewe umekaa unaonesha tu pasipokuridhisha. Chukua nusu ya mzigo, mgawane kabisa, kwa mfano vyumba vyote kuanzia sasa ni wewe, mabasi ni yeye, na aliyepewa kazi ndo mwenye uamuzi ndani ya kiasi mlichokubaliana. Hapo na ugomvi wa saruji utapungua. Kaeni mhesabu hela iliyobaki, ondoeni nauli, igaweni kwa siku zilizobaki, na kila mmoja apate pesa kidogo ya kwake ambayo haulizwi, awe amenunua chokoleti au kitambaa au ameiweka kwa ajili ya Kibaha shauri yake. Maji ya moto San Cristóbal mimi siyaiti anasa, usiku pale baridi inapenya mpaka mifupani.

Njia ya Palenque, hapa uko sahihi na ukae imara. Ile barabara ya Ocosingo kwa ramani ni fupi, masaa kama matano hivi, imepita kwenye maporomoko mazuri ya Agua Azul na Misol-Ha, naelewa kwanini mumeo anaitaka. Lakini ni kona mwanzo mwisho, matuta hayahesabiki, tumbo lako litakwambia, na wanavijiji wamezoea kuifunga, mara nyingine wanavuta kamba katikati ya barabara wanadai hela kidogo unapita, mara nyingine ni mgogoro wa ardhi au siasa na magari yanakaa hapo siku nzima. Uporaji nao umetokea. Isitoshe Chiapas miaka ya karibuni imeingiliwa na magenge makubwa yanayogombea njia za mpakani, sio Chiapas ya zamani ambayo watu wanakusimulia. Mabasi makubwa ya ADO yenyewe yanazunguka kupitia Villahermosa, ni masaa nane au tisa, na kampuni inayojua ile nchi ikikubali kuchoma mafuta ya masaa yote hayo ya ziada mumeo na Hiace yake anataka kuthibitisha nini? Zungukeni na mabasi, na mchague la mchana, mtaona nchi na mtalala kitandani. Akisema ni ghali mwambie tiketi zikikatwa mapema huwa zinashuka, aangalie kwenye apu yao, kadi ya nje ikigoma aende dirishani stendi na pesa taslimu. Bebeni sweta mkononi maana AC ya mabasi yale haina huruma, na dawa ya kichefuchefu meza kabla basi halijaondoka, ukisubiri mpaka uanze kutapika umechelewa.

Mkiona Villahermosa mmechoka laleni hapo usiku mmoja, asubuhi mkaone vile vichwa vya mawe vya Waolmeki, watu wa kale wa huko, kwenye bustani ya La Venta, alafu Palenque ni masaa mawili hivi mbele. Palenque msiiruke kwa sababu ya ugomvi. Kuna hekalu pale ambalo mwaka 1952 mwanaakiolojia Alberto Ruz alikuta kaburi la mfalme Pakal chini yake kabisa, ngazi zilikuwa zimejazwa vifusi ikabidi wachimbe misimu kadhaa kuzifungua, na Pakal huyo alitawala toka 615 mpaka 683. Nendeni asubuhi geti likifunguliwa kabla joto halijawaka, mtawasikia nyani wa msituni wanavyonguruma. Na kutoka hapo mna nafuu, treni ya Maya inafika Palenque toka mwisho wa 2023, inawapeleka Campeche au Mérida, ila stesheni zake nyingi ziko nje ya mji kwahiyo wekeni bajeti ya teksi.

Kuhusu ndege. Kama kuna jambo hujaniandikia, kama amewahi kukuinulia mkono au akikataa kukupa pasipoti yako ukiiomba, basi usisubiri kesho, kuna mabasi kutoka San Cristóbal mpaka uwanja wa ndege wa Tuxtla, saa moja na kitu umefika, unaunga Mexico City mpaka Houston, na ubalozi wa Tanzania ulioko Washington wapigie simu. Naandika hivi kwa sababu najua wanawake huwa wanaanza kuniambia habari za saruji kumbe kuna kubwa nyuma yake. Lakini kama ni haya haya uliyoandika, mimi nisingepanda hiyo ndege. Utatua Houston na hasira yako nzima nzima, yeye atamaliza safari na ya kwake, na usiku ule kwenye basi utabaki haujaongelewa, mkija kuukumbuka ni siku mnagombana kwa kitu kingine kabisa. Mpe siku mbili za maongezi. Akiendelea kukuambia unadeka baada ya kumweleza yote haya, basi ni mazungumzo mengine na uniandikie tena, hapo nitakujibu tofauti.

Mama mkwe usimpigie. Yeye yuko mbali, habari ya polisi na mpaka na mwanae usiku porini itamnyima usingizi mwezi mzima, na atachagua upande, ukishachaguliwa upande kwenye familia ya mume huwa haufutiki hata nyie wawili mkishapatana mkasahau. Kama kifua kimejaa mpigie dada yako au rafiki anayejua kutunza siri, ulie nae, alafu ukamtafute mumeo mwende mkanywe hiyo kahawa.