Kola ya GPS kwa simba dume anayekua: msilipie kwanza

Mkuu, sitisha hiyo oda. Unasema mnataka kumvalisha kola, yaani mkanda wa shingoni unaoonyesha mnyama alipo, simba dume wa miaka 2 kwa vile ndo anakaribia kutoka kundini, na muuzaji kawaambia ile isiyo na kifungulio, kile kifaa cha kuifanya ijifungue na kudondoka, inatosha. Haitoshi! Na sisi tulipomvalisha dume wetu tuliambiwa hivyohivyo na jamaa mmoja anayejiita mtaalamu, eti betri ikikaribia kuisha mnamchoma sindano ya usingizi mnaivua, basi. Betri ikifa kabla ya muda mtamtafutia wapi?

Dume wa umri huo shingo bado haijajaa, akifika miaka 4 au 5 ni mnyama mwingine kabisa. Mkanda uliopitisha vidole viwili siku ya kuvalishwa unaanza kubana, manyoya yanakatika, ngozi inachubuka, nzi wanatua. Wa kwetu alipokuja kupatikana mkanda ulikuwa umezama ndani ya nyama, daktari anaukata kidogokidogo huku usaha unatoka na harufu haivumiliki. Alipona, lakini yule jamaa alishakula hela yake na simu hapokei, mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka. Simba wa porini Afrika nzima wanakadiriwa 20,000 na kitu tu halafu mtu anakuuzia kitu cha kumnyonga! Wala usiseme mtaulegeza, ukilegea sana anaingiza taya au mguu wa mbele humo akijilamba, hiyo nayo ni balaa.

Mimi nashikilia hili moja: kola isiyoweza kudondoka yenyewe asivalishwe mnyama yeyote. Tena iwe na njia mbili, kifungulio cha rimoti au cha kujifungua kwa muda uliopangwa, pamoja na kipande cha pamba au ngozi kinachooza taratibu, maana kifungulio kikiingia tope na kutu kinaweza kugoma.

Kola mvalisheni jike aliyekomaa wa kundi hilo. Dume mtambueni kwa madoa ya kwenye mizizi ya masharubu, kila simba ana mpangilio wake, watafiti Pennycuick na Rudnai walishaeleza njia hiyo tangu 1970 na inataka picha nzuri tu za uso, kulia na kushoto. Najua mtakosa data za safari zake akishahama, inauma, ila msubirini akue.

Ya kamera na vibali uliyouliza pia, wengine watakujibu. Wewe weka hapa picha ya hiyo kola kabla hamjalipa, nataka kuona mkanda unavyofungwa.