MDF au plaiwudi kwa kabati za jikoni?
Dada, umeuliza kama MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, itafaa kabati za jikoni unazotaka kujitengenezea hapo Kisumu. Kwa milango, sawa: ni laini na hushika rangi vizuri. Lakini chini ya sinki usiiweke kabisa. MDF ya kawaida ikinywa maji huvimba, na ikishavimba hairudi. Hapo weka plaiwudi ya marini, ile ya gundi inayostahimili maji, ya milimita 18. Ni ghali, ila nunua tu. Mimi niliweka chipubodi, ubao wa vipande vidogo vya mbao vilivyogandamizwa, bomba likavuja, skrubu za bawaba zikang'oka zote. Kwingine blokbodi, ubao wenye vipande vya mbao katikati, yatosha. Kingo zote ulizokata zizibe, hata zile zisizoonekana, na kabati za chini ziinue kwa miguu ili maji ya kupiga deki yasizifikie.