Tumepanga, na bafu halimfai mama: tubomoe nini, na nani alipe?

Swali: Tumepanga ghorofa ya pili. Mama amepata kiharusi, upande wa kushoto hauna nguvu. Anatembea kwa fimbo, ila tumeambiwa huenda baadaye akahitaji kiti cha magurudumu. Mlango wa bafu una upana wa sentimita 68 na unafungukia ndani, kizingiti kina sentimita 12, choo ni kifupi. Mwenye nyumba kasema: "Fanyeni mnavyotaka, ila mkihama mrudishe kama mlivyokuta." Tuanzie wapi, na gharama ni za nani?

Jibu: Mpeni mama pole. Msimwite fundi bado. Kauli ya mwenye nyumba inasikika kama ukarimu, lakini kile kipande cha "mrudishe kama mlivyokuta" ndicho kitakachowala pesa, na hakijaandikwa popote.

Igaweni kazi mafungu mawili. Kuna vitu vinavyofunguliwa kwa bisibisi: vishikio vya ukutani, kiti cha kuogea, kiinuzi cha choo, bomba la mvua la kushika mkononi. Hivyo ni vyenu, mtahama navyo na kuziba matundu. Kisha kuna kizingiti, sakafu na mlango. Hivyo vinabaki na nyumba, na kumlazimisha mpangaji ajenge upya kizingiti ili mwingine aje ajikwae ni kulipa fundi mara mbili kwa hasara tupu. Mwambieni hivyo kwa adabu, kisha muombe barua inayotaja kila kitu kwa jina: hiki kitaondolewa, hiki kitabaki. Ambatisheni mchoro wenye vipimo na picha za bafu lilivyo sasa. Kama jengo lina uongozi wa pamoja, barua yao nayo mnaihitaji, kwa sababu sakafu yenu ni dari ya mtu.

Sheria hutofautiana, kwa hiyo ulizieni ya kwenu. Marekani, kwa mfano, tangu marekebisho ya mwaka 1988 ya sheria ya makazi, mwenye nyumba hawezi kumzuia mpangaji mwenye ulemavu kufanya mabadiliko ya lazima kwa gharama yake mpangaji, ingawa anaweza kudai sehemu za ndani zirudishwe pale inapostahili. Uingereza, mpangaji anaweza kuomba mwenyewe ruzuku ya serikali ya mtaa kwa kazi kama hii.

Sasa kizingiti. Wengi hukimbilia njia ya mteremko ya zege. Kwa mteremko unaokubalika wa 1 kwa 12, sentimita 12 zinadai karibu mita moja na nusu, na korido za nyumba nyingi hazina nafasi hiyo. Kukiondoa ndiyo dawa ya kudumu, lakini kizingiti kile kinazuia maji. Kikitoka, sakafu yote lazima iinamishwe kuelekea kwenye tundu la maji, kama sentimita 2 kwa kila mita, na tabaka la kuzuia maji lipite chini ya vigae hadi nje kidogo ya mlango na lipande ukutani. Fundi akikwambia saruji ya vigae inatosha kuzuia maji, mtafute mwingine. Jirani wa chini ndiye atakayeleta majibu.

Mlango ugeuzwe ufungukie nje hata kama hamna pesa ya kingine chochote. Mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake ndio unaoufunga. Kiti cha magurudumu kinataka uwazi wa angalau sentimita 80, na hapo ni kukata ukuta na kugusa linta, ile boriti iliyo juu ya mlango. Hiyo ni kazi ya mhandisi na ya mwenye nyumba, si ya mpangaji.

Kuhusu pesa: anzeni na ripoti ya mtaalamu wa tiba kazi (anayewasaidia wagonjwa kumudu shughuli za kila siku) aliyemwona mama akitumia bafu hilohilo. Ripoti hiyo, barua ya mwenye nyumba na makadirio ya mafundi wawili au watatu ndiyo nyaraka zinazoulizwa karibu kila mahali: bima, mifuko ya watu wenye ulemavu, ustawi wa jamii, hata mwajiri. Msianze kazi kabla ya kujibiwa, kwani mifuko mingi hailipi kilichokwisha kufanyika. Ulizeni pia kuhusu msamaha wa kodi kwenye vifaa.

Kwa yale yanayobaki na nyumba, mwombeni mwenye nyumba achangie kwa kukata kodi ya pango. Akigoma, basi mkataba urefushwe na ulinde pesa yenu: gharama igawanywe kwa miezi 60, na akiwatoa baada ya 24, awarudishie sehemu 36 zilizobaki. Hapo ndipo mtaona kama "fanyeni mnavyotaka" ilikuwa ya kweli.

Mkiwa mnasubiri, ombeni ruhusa ya maandishi ya vishikio kwanza; hiyo hutoka upesi. Kwenye kizingiti, mama hupanda kwa mguu mzima na kushuka kwa ule dhaifu, na mkono wa kushika ni wa kulia tu. Akiingia, kulia kwake ni upande mmoja wa mlango; akitoka ni upande wa pili. Kwa hiyo wekeni viwili, vya wima, kila upande kimoja. Chooni, kishikio kiwe kulia kwake akiwa amekaa. Kama ukuta uko kushoto, tafuteni cha kukunja kinachofungwa nyuma ya choo, na kiti cha choo kiinuliwe kifike sentimita 43 hadi 48 kutoka sakafuni. Skrubu zipite kigae na plasta zishike tofali lenyewe. Ukuta wa jipsamu unataka mbao nyuma yake kwanza. Kishikio kibebe kilo 110 bila kucheza. Mtu mzima mwenye afya akining'inie kabla mama hajakigusa.