Muulize Mwalimu: Mbona sokoni kwetu hatuamki?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa 11 nauza dagaa sokoni, mji sitautaja. Paa linavuja, choo tunalipia, na ushuru wa meza umepanda mara mbili bila kuelezwa sababu. Asubuhi tunanung'unika, jioni tunafunga na kwenda zetu. Kijana wangu yuko chuo, anasoma sosholojia. Ananiambia Karl Marx alisema wanyonge wakizidiwa huamka. Nikamjibu, sisi tumezidiwa siku nyingi, mbona tumelala? Ni uoga, au ni kweli Mtanzania ameumbwa mpole? – Mama Dagaa

JIBU: Marahaba, mama. Huyo kijana nisalimie, na umwambie arudi kwenye kitabu, maana Marx hakuishia hapo. Mwaka 1852, akiwaandika wakulima wadogo wa Ufaransa, aliwafananisha na viazi ndani ya gunia. Wamebanana humo, shida zao ni zilezile, lakini kila kiazi kiko kivyake; gunia likifunguliwa kila kimoja kinabingirika upande wake. Wewe unayekaa sokoni mfano huo utauelewa kuliko profesa.

Lakini kwanza nina ubishi kidogo. Una hakika mmelala? Mtoza ushuru akitokea upande wa nyanya, hakuna anayepiga mluzi? Hakuna meza ambazo wenyewe "wamekwenda msalani" wote kwa dakika ileile? Mimi ni mzee wa kikapu, naingia sokoni kila Jumamosi, na macho ninayo. Kiswahili kina maneno ya mambo haya tangu zamani: kutega, kujifanya mjinga, mgomo baridi. Mwanazuoni wa Marekani James Scott alikaa na wakulima wa mpunga katika kijiji kimoja cha Malaysia mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati mashine za kuvuna zilipokuwa zinawanyang'anya maskini vibarua. Maandamano hakuyaona. Alichokiona ni vikundi vya wanawake waliopandikiza miche: tajiri aliyekodi mashine akiwaita, siku hiyo wana udhuru. Hakuna aliyesema "tumegoma". Kwa hiyo ukimya wa watu, mama, usiuchukue kuwa ndiyo kusema wameridhika.

Hayo ya upole nisiyapitishe hivihivi, maana yananikera hata wanasiasa wanapotusifia. Wahehe walikivunja kikosi cha Kijerumani cha Zelewski pale Lugalo mwaka 1891, na Mkwawa akaendelea kupigana hadi kifo chake mwaka 1898. Miaka saba baadaye kusini kukawaka moto wa Majimaji, na Wahehe hao hao wakawa upande wa Wajerumani. Damu ilibadilika ndani ya miaka saba? Walikuwa wameshapigwa, wameshahesabu gharama, na walikuwa na hesabu zao nyingine na majirani. Tabia ya kuzaliwa nayo haielezi chochote hapo.

Sasa nije kwenye gunia. Mimi ni mzaliwa wa Umatumbi, kusini huko Majimaji yalikoanzia, kwa hiyo usitegemee nitoe mfano wa Paris. Kuanzia mwaka 1902, wakati wa Gavana von Götzen, vijiji vya kusini na pwani vililazimishwa kulima mashamba ya pamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe, yaani wasimamizi wa serikali ya Wajerumani na wakuu wa vijiji. Katika wilaya ya Dar es Salaam kila mtu mzima alitakiwa kufanya kazi siku 28 kwa mwaka, na malipo ya msimu wa kwanza yalikuwa senti 35. Wengine walizikataa. Hapo ongeza kodi, ongeza viboko. Kama kuzidiwa kungetosha, vita vingeanza mwaka uleule. Vilianza Julai 1905. Katikati hapo palikuwa na nini?

Wazee wa kwetu wana neno: njwiywila. Ni habari ya siri inayopita kwa kunong'onezana, mtu kwa mtu. Wangindo waliiita jujila. Ilisema kwamba huko Ngarambe kuna Kinjekitile mwenye dawa ya maji inayogeuza risasi kuwa maji. Na ukitaka kuisikia njwiywila, ulilipa pesa moja, ile sarafu ndogo.

Katika miaka 30 ya kufundisha, wanafunzi wangu siku zote walitaka kujadili risasi: je, waliamini kweli? Swali si baya, lakini mimi jicho langu liko kwenye ile pesa moja. Ukishailipa umeingia. Hukulazimika kusimama hadharani ukaonekana, ila umetoa kitu chako. Muhimu zaidi, unajua kwamba jirani yako naye kalipa, na shemeji yako wa ng'ambo ya mto kalipa. Kabla ya hapo kila mtu aliichukia pamba nyumbani kwake. Sasa kila mtu alijua kwamba mwenzake anaichukia, na kwamba mwenzake anajua kuwa yeye anajua. Watu wa makabila yasiyokuwa na mfalme mmoja walifunga safari kwenda Ngarambe kwa makundi, wakakutana njiani. Maji yalifanya kazi hiyo kabla hayajakutana na bunduki yoyote.

Vita ilipoanza, ilianza kwa kitu kidogo: pale Nandete waling'oa mashina ya pamba. Tarehe 4 Agosti Kinjekitile akanyongwa Mohoro. Wakubwa wakadhani wamekata kichwa cha nyoka, kumbe vita ndiyo kwanza inasambaa, ikafika Mahenge, ikafika Songea. Mtandao ukishakuwepo haumsubiri kiongozi.

Sitaki nikupambie. Bibi yangu alikuwa mtoto mdogo wakati ule, na hata siku moja hakunisimulia ushujaa, alisimulia njaa. Wajerumani walichoma vyakula mashambani na ghalani, wakiiacha njaa imalize kazi. Serikali yao ilitaja vifo 75,000. Watafiti wa baadaye wamefikisha kati ya 250,000 na 300,000. Wakati huohuo, Götzen aliondoka mwaka 1906, akaja Rechenberg, na mashamba yale ya pamba ya kijiji yakaachwa. Walioyang'oa yale mashina walishinda au walishindwa? Nimekuwa nikilijibu swali hilo tofauti kila baada ya miaka kumi.

Kuna upande mwingine ambao kijana wako lazima atausoma: dola yenyewe. Theda Skocpol, mwanasosholojia wa Marekani, aliyalinganisha mapinduzi ya Ufaransa, Urusi na China, akaona kwamba kila mahali dola ilikuwa imeshapasuka kwanza, kwa madeni, kwa vita, kwa wakubwa kugombana wenyewe. Watu walisukuma ukuta uliokuwa na ufa. Wanaokutoza ushuru nyinyi hawana ufa wa namna hiyo, kwa hiyo mapinduzi usiyasubiri pale penye dagaa. (Mhariri, usinitazame hivyo, sijamfundisha mtu uasi.)

Ila nina swali. Mna kikoba? Najua mnacho, hakuna soko lisilo na kikoba. Mnakutana siku gani, mnatoa shilingi ngapi, na je, mmewahi kulitaja paa katika kikao hicho? Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipotakiwa kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji. Wanawake walikuwa tayari wanakutana, wanachangiana, wanaaminiana. Jambo lililoongezwa lilikuwa moja tu.

SWALI: Mwalimu, maasi, mapinduzi na mageuzi ni kitu kimoja? – Kidato cha sita, Tanga

JIBU: Hapana, mwanangu. Majimaji yalikuwa maasi: watu walikataa kutawaliwa vile, lakini dola ilibaki mikononi mwa wale wale. Zanzibar, tarehe 12 Januari 1964, yalikuwa mapinduzi. Sultani Jamshid alikimbia, serikali ikashikwa na wengine, na ardhi nayo haikubaki ilivyokuwa: ilifanywa mali ya serikali, kisha familia zikagawiwa eka tatu tatu. Bila hilo la ardhi wengine wangeyaita ni kubadilishana viti.

Mageuzi ni kama yetu ya 1992, na yana kichekesho chake. Tume ya Jaji Nyalali iliuliza wananchi. Zaidi ya robo tatu wakasema wanataka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na vyama vingi vikaja kwa sheria, hakuna aliyebomoa lango.

Kwenye mtihani andika tarehe kamili. Nimesahihisha karatasi miaka mingi; "mwanzoni mwa miaka ya sitini" inachosha macho.